Mrejesho: gitaa langu sasa halipotezi tyuni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini uzi wa tatu wa gitaa langu la umeme unashuka sauti kila ninapoupindisha, nikiwa tayari nimezihukumu funguo za kukazia nyuzi. Nilinunua mjini Arusha funguo mpya za uwiano wa 18:1 (unazungusha kishikio mara 18 ili mhimili wa ufunguo uzunguke mara moja), na kwa kuwa zilihitaji matundu ya milimita 10, seremala mmoja hapa Moshi aliyapanua polepole kwa tupa ya duara, maana drili ingeweza kupasua mbao. Zinazunguka kwa ulaini wa kupendeza, lakini uzi uliendelea kushuka.

Ndipo nilipofuata ushauri wenu niliokuwa nimeupuuza, wa kukagua mfereji, yaani mkato mdogo ambamo uzi hupita mwanzoni mwa shingo: nikikaza uzi huo taratibu, nilisikia "tik" ndogo pale mwanzo wa shingo, ishara kwamba ulikuwa ukinasa kwenye mfereji wake. Nilisugua mfereji kwa msasa laini uliokunjwa, bila kuuongezea kina, nikapaka unga wa penseli ili uzi uteleze, nikabakiza mizunguko mitatu tu ya uzi kwenye mhimili wa ufunguo. Jumapili nilipiga ibada nzima bila kugusa ufunguo hata mmoja. Funguo za zamani, ambazo huenda hazikuwa na kosa lolote, nimezihifadhi.