Mliozaliwa kwenye ukoo wa walevi, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 41, kwetu Rombo. Babu aliondoka na pombe, baba aliondoka na pombe, na baba mdogo aliyebaki mikono inamtetemeka kila asubuhi mpaka azimue.

Nilianza kukaa na wakubwa nikiwa na miaka 17, kwenye mbege. Wenzangu walikuwa wanalala chini ya migomba, mimi narudi nyumbani nimenyooka. Baba mdogo akanipiga begani: "Huyu ana kichwa cha babu yake." Sijawahi kusifiwa vile darasani wala shambani. Nikaishikilia ile sifa. Nilipofika miaka 33 nilikuwa namaliza chupa ya pombe kali kwa siku na kazini hakuna anayejua. Mke wangu ndiye aliyejua, akaondoka na mtoto. Huu ni mwaka wa sita sijagusa, na wamerudi.

Jumamosi tulikuwa harusini. Ndugu yangu mmoja akampa mwanangu, miaka 14, aonje mbege. Akanywa kata nzima. Wakashangilia: "Hata hajakunja uso! Damu hiyo!" Sijalala vizuri tangu siku ile.

Mliotoka kwenye koo kama hizi, mlipitia nini? Watoto wenu mliwaambia nini? Naomba tusihubiriane.

Muuguzi wa Temeke

Pole sana kaka. Nimehudumia watu wenye uraibu zaidi ya miaka kumi, na hicho ulichosifiwa ndicho sisi tunachokiogopa.

Kuna daktari wa California, Marc Schuckit, aliwanywesha vijana wa kiume kipimo kilekile cha pombe, wengine baba zao walevi, wengine hapana. Watoto wa walevi, kwa jumla, pombe iliwashika kidogo kuliko wenzao. Akawafuatilia kwa miaka. Wale ambao haikuwashika ndio waliokuja kuzama kwa wingi. Anayetapika glasi ya pili mwili wake una breki. Anayesifiwa kichwa kigumu anaendelea kumimina kwa sababu hakuna kinachomwambia basi.

Na tusidanganyane kwamba mtoto anaiga tu. Mwaka 1973 huko Denmark walitoa matokeo ya watoto wa kiume wa walevi waliochukuliwa wakiwa wachanga na kulelewa na familia nyingine. Ulevi kwao ulikuwa karibu mara nne ya ule wa watoto wengine walioasiliwa ambao wazazi wao wa damu hawakuwa walevi.

Halafu, baba mdogo asiachishwe ghafla nyumbani. Anayetetemeka asubuhi akikatiwa pombe siku moja anaweza kupata degedege na kufa. Apelekwe hospitali aachishwe kwa dawa.

Kulwa wa Magu

Mimi na Doto wangu ni pacha wa kufanana, mama alikuwa anamfunga mmoja uzi mkononi atutofautishe. Doto alikwenda machimboni Geita akiwa na miaka 19. Kule mshahara wa siku unaishia kwenye gongo jioni ileile. Sasa hivi ni mtu wa kuokotwa njiani. Mimi nilioa Msabato, nikabaki na ng'ombe wangu.

Watu huniambia nimemshinda Doto kwa akili. Nimeonja pombe mara mbili maishani, na mara zote mbili sikusikia chochote. Nilidhani ni mbovu, imechanganywa maji. Leo nimesoma alichoandika dada muuguzi nikaweka simu chini. Kumbe mimi ni yeye, ila sikwenda machimboni.

Mvita

Nimelelewa na nyanya, Mombasa, nyumba ambayo hata sigara haikuingia. Babangu sikumjua. Mimi na pombe mbali, lakini kubeti kulinimaliza. Nilibeti karo ya mdogo wangu, nikabeti na pesa ya dawa za nyanya.

Kwenye matanga yake ndipo shangazi akaniambia babangu alikuwa teja. Akanieleza alivyokuwa akishikwa na arosto, jasho, magoti hayatulii. Unga mimi sijauona kwa macho. Lakini jasho lile nalijua, ndilo lililokuwa likinitoka nikingoja dakika za mwisho za mechi ambayo hata timu zake sizijui.

Binti wa Songea

Naomba niseme la upande wa pili. Posa yangu ilivunjwa. Upande wa mwanamume walichunguza ukoo, wakasikia kaka zangu watatu wanakunywa, wakaiondoa barua yao. Mimi sijawahi kuonja hata wanzuki. Zamani walisema mkosi wa ukoo, na nyuzi kama hizi zikienea watasema jeni. Mlango ni uleule, na sisi tuko nje.

Muuguzi wa Temeke

Dada, umenigusa, na nilipaswa kulimalizia. Wale watoto wa walevi wa Denmark walikuwa 55. Waliokuja kuwa walevi ni 10. Wenzao 45 hawakuwa, na damu ni ileile. Hakuna jeni moja ya ulevi. Mwaka 1990 ilitangazwa moja, tafiti zilizofuata hazikuithibitisha. Ni jeni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ndiyo ya kurithi. Nusu nyingine ni machimbo ya Doto. Waliovunja posa yako walikosea.

Mvita, jeni nyingi kati ya hizo hazichagui pombe au unga. Ndiyo maana baba anaweza kuwa teja na mwana akanaswa na mkeka wa kubeti.

Mwanzisha uzi

Nimeongea naye jana usiku. Sikumwambia pombe ni mbaya, hilo anasikia kanisani. Nilimwambia babu yake alisifiwa, mimi nikasifiwa, na Jumamosi kasifiwa yeye. Akauliza, "Kwa hiyo baba, na mimi sina breki?" Nikamwambia inawezekana.

Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama babu mdogo aliwahi kuambiwa haya. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kesho tunampeleka hospitali ya wilaya. Mtoto amesema na yeye anakuja.