Nyumba ya kupanga kando ya ziwa, nichukue ya bondeni au ya mlimani?

Mgeni Njiani: Wakuu, habari zenu. Nahamia mji mmoja kando ya ziwa, upande ule wa pembezoni unaokua kwa kasi, kila ukipita unakuta msingi mpya. Dalali kanionesha nyumba mbili. Ya kwanza ipo bondeni, ukiwa jikoni unaliona ziwa, na kodi yake nafuu mno. Ya pili ipo mlimani, ndogo, bei imechangamka, barabara vumbi tupu. Wa bondeni anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi roho ipo bondeni, mke wangu anasema mlimani. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Fundi Chemba: Rudi bondeni bila dalali. Pitisha mkono ukutani, usawa wa magoti kwenda chini. Ukikuta rangi mpya nusu ukuta tu, ungaunga mweupe unaobaki vidoleni, au fremu za milango zimeoza chini, jua maji yameshaingia humo au yanapanda kutoka ardhini. Halafu uliza habari za choo. Ardhi ikishiba maji shimo halinywi tena, na mvua zikikolea unachomwaga kinakurudia. Wateja wangu wengi wapo mabondeni, siwalaumu, wananilisha. Matete yakiwa yameota hadi kwenye uzio, hata usijisumbue kuuliza.

Jicho la Tatu: Fundi unamtisha mwenzio. Nakaa jirani na ufukwe miaka yote hii na maji sijawahi kuyaona mlangoni. Ule upepo wa jioni mlimani utaupata wapi?

Bi Mkubwa: Jicho, hujayaona bado. Ziwa hupanda na kushuka, na linaweza kukaa miongo mizima chini hadi watu wakadhani ufukwe ni kiwanja. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kile kimo cha rekodi cha mwaka 1964, na waliokuwa wamejenga pembeni walihama na magodoro kichwani. Mgeni, mwenye nyumba hawezi kukwambia hayo. Tafuta jirani mtu mzima, mwombe akuoneshe kwa kidole maji yaliwahi kufika wapi. Uliza pia kama nyumba imeingia kwenye eneo la hifadhi ya ziwa. Siku ya bomoabomoa mpangaji naye anatolewa, na kodi aliyolipa mbele ataidai mpaka achoke.

Mama Wawili: Kama una watoto, fikiria kichocho. Kinatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, penye majani, palepale watoto wanapopenda kuchezea. Kuwakataza ni rahisi ukiwa mbali na maji. Vile vidudu vya ziwa vinavyoinuka kama moshi haviumi, ila taa ikiwaka dirisha likiwa wazi utavikuta hadi kwenye sufuria.

Karani: Mwaka mzima kwa mkupuo usikubali. Mwombe miezi mitatu, na mkataba useme wazi kwamba maji yakiingia au nyumba ikawa haikaliki, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa. Mita ya umeme iwe yako peke yako. Akikataa kuandika, maana yake analijua ziwa lake.

Mgeni Njiani: Nimerudi bila dalali. Rangi imeishia magotini kweli, na nilipomuuliza jirani akacheka kwanza, kisha akanionesha alama kwenye mwembe wake. Mwenye nyumba kasema mkataba wake haubadilishwi. Basi tunapanda mlimani, mke wangu keshaanza kufunga mizigo. Shida ni kwamba kule presha ya bomba ni ndogo, maji yanatoka usiku tu. Mnafanyaje?

Fundi Chemba: Weka tangi chini lijae usiku lenyewe, pampu ndogo ipandishe kwenye tangi la juu asubuhi. Ila kabla hujanunua hata koki, muandikishane na mwenye nyumba kama gharama inakatwa kwenye kodi au ukihama unaondoka na vitu vyako.

Mama Wawili: Na tangi liwe na mfuniko unaobana. Mbu wa mlimani nao wapo.