Swiveli za "brasi safi": tunalipishwa bei ya brasi, tunauziwa chuma kilichochovywa rangi

Wazee wa bahari na wavuvi wenzangu, assalaam aleikum. Nina hasira na sitaificha.

Kaskazi imeingia, bahari imetulia, na kila anayerambaza nguru, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo, kutoka Shimoni mpaka Kilifi anasuka waya zake upya. Ni wakati huu ndipo maduka ya zana za uvuvi hapa mjini Mombasa hutundika mbele zile pakiti za kumetameta: swiveli ya brasi safi, daraja la kwanza, haishiki kutu, inahimili kilo sitini. Bei yake ni mara tatu ya zile zinazochotwa kwenye mkebe. Muuzaji anakuapia kwa Mola wake. Mimi zana zangu nasuka mwenyewe, fundo kwa fundo, na swiveli, hiki kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokoteke, ndicho kinachobeba uzito wote kati ya mshipi na waya, kwa hivyo nikalipa.

Nguru akashika nje ya mwamba wa Nyali. Nahodha akapunguza mashine, nikamvuta pole pole mpaka tukauona ubavu wake ukimeremeta chini ya maji. Kisha mshipi ukalegea mkononi. Waya, ndoana, chambo cha bandia, vyote vikaenda naye. Kwenye ncha yangu ilibaki nusu ya swiveli, kipipa chake, ule mwili wa katikati, kimepanuka mdomo na jicho la upande wa pili limechomoka pamoja na kichwa chake. Nikakikwaruza kwa kisu. Manjano yakabambuka kama ganda la kitunguu, chini kijivu, na kwenye ule mdomo uliopanuka tayari kuna duara la kutu. Kufika nyumbani nikakisogeza karibu na sumaku ya spika mbovu. Kikaruka kikanata.

Brasi hainati kwenye sumaku. Brasi ni shaba na zinki, basi, na vyote viwili sumaku haivishughulikii. Kile nilichouziwa ni chuma.

Nikarudi dukani na kipande, na pakiti, na risiti. Nikaambiwa nilivuta vibaya. Kisha nikaonyeshwa kibandiko ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Yakhe, kibandiko hakiifuti sheria! Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema mali iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili. Ukiandika brasi uuze brasi. Ukiuza chuma kilichochovywa andika hivyo, nami nitachagua mwenyewe kama nakitaka na kwa bei gani.

Na sasa nawageukia nyinyi mnaomjibu kila kijana anayeuliza humu kwa maneno yale yale, "nunua ya ghali usahau". Mnajua mnawapeleka wapi? Kijana wa Mtongwe anayetoka na hori ya kukodi, gharama ya petroli na barafu inatolewa kwanza kabla ya mgao, anabana pesa anunue pakiti ya bei kubwa kwa sababu mmemwambia. Samaki akienda, hasara ni ya wote mle chomboni. Bei haikuambii kilichomo ndani. Inakuambia tu muuzaji ametaka nini.

Tena hata ikiwa ni brasi ya kweli, tuache kuisifu kupita kiasi. Brasi ya kawaida ina zinki kama thuluthi moja au zaidi, na maji ya chumvi huivuta ile zinki itoke taratibu. Mmewahi kuona swiveli ya zamani imegeuka kutoka manjano ikawa na wekundu wekundu? Huo si uchafu wa kusugua. Zinki imetoka, imebaki shaba yenye vitundu, na nguvu zimekwenda nayo. Ndiyo maana brasi ya kutengenezea vifaa vya meli hutiwa bati kidogo, kama asilimia 1, kuuzuia uharibifu huo. Ni pakiti gani hapa mjini imewahi kuandika kama yake ina bati? Wanaandika "safi". Safi ya nini?

Pesa zangu nikiziweka, naziweka kwenye mambo mawili. La kwanza ni gololi za ndani. Swiveli ya kipipa cha kawaida huzunguka vizuri ukiichezea kwa vidole pale kaunta, lakini nguru akiivuta vichwa vya ndani vinasuguana na kuta, inagoma, na mshipi unasokoteka mpaka unajikunja. Yenye gololi inaendelea kuzunguka hata ikiwa na mzigo. Hapo tofauti ya bei naikubali bila ubishi. La pili ni pete zilizochomelewa zikafungwa kabisa, si waya uliopindwa ukaachwa na mwanya. Kuhusu chuma chenyewe, stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316 ina madini ya molibdeni ndani yake na inastahimili chumvi kuliko ile ya 304, ingawa na hiyo ukiiacha na chumvi yake kwenye kikapu itatobolewa tu. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha.

Chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, za kwenda chini kwenye miamba ya changu na tewa, na ndoana zake, nunueni za rahisi. Nyingi zitabaki mwambani hata ziwe za dhahabu.

Ninachotaka sasa ni hiki. Nendeni madukani na sumaku mfukoni na tupa ndogo. Mwombe muuzaji akuuzie moja tu kutoka kwenye pakiti, isugue hapo hapo kaunta mbele yake. Manjano yakienda mpaka ndani, na sumaku isipoishika, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiona kijivu, toka. Akikataa kukuuzia moja uijaribu, toka pia, ameshakujibu. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) linatakiwa kulisikia jambo hili kwa maandishi na picha, kwa hivyo hifadhini risiti na vipande vilivyovunjika, msivitupe baharini kwa hasira.

Na mwenye kulijua duka, kisiwani, Likoni au Mtwapa, ambalo lilikubali kusugua swiveli mbele yake, aeleze hapa alinunua ya aina gani na ilitoa rangi gani ndani. "Ya ghali ni ya ghali" sitaki kuisoma tena kwenye uzi huu.