Chardonnay ya sehemu za baridi mnaipimaje? Mi nasikia limau tupu

Binti_Unguja
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na waini. Mimi ni mhudumu wa mgahawa hapa Unguja, nasomea WSET (kozi ya kimataifa ya waini) ngazi ya pili, na juzi tulionjeshwa waini nyeupe mbili za zabibu ya Chardonnay, moja ya California nyingine Chablis ya Ufaransa. Ya California niliielewa fasta, nanasi, embe bivu, siagi, vanila. Hii Chablis ilitoka kwenye friji glasi inavuja jasho, nanusa sisikii kitu, kuonja kama nimelamba limau, mate yakanijaa mpaka taya zikauma. Nikaandika nyepesi, chachu, ubora wa chini. Mwalimu akanikata maksi, akasema hiyo ndo ilikuwa bora kuliko mwenzake. Nataka kuelewa, sitaki kukariri. Uchachu unakuwaje sifa?

MzeeWaGlasi
Pole mdogo wangu, kosa la kwanza ni la friji. Waini ikiwa nyuzi 4 au 5 harufu yote inalala unabaki na uchachu peke yake. Chablis inataka nyuzi 10 mpaka 12 hivi, na kwa joto la huko ukiitoa ikakaa mezani dakika kumi inatosha. Mimina theluthi ya glasi tu, zungusha, nusa, iache, nusa tena. Inaanza limau na epo la kijani, baadae inakuja harufu ya mawe yaliyopigwa na mvua ya kwanza, mi hunikumbusha kokoto za uani kwa bibi.

Sasa uchachu, usiishie kuuliza ni mkali kiasi gani, angalia umeshikana na nini. Ladha ya tunda ikiwepo ya kutosha inakuwa kama embe bichi ya chumvi na pilipili, taya zinauma lakini mkono unarudi kwenye sahani. Ladha hiyo isipokuwepo, hapo sawa, andika nyepesi. Halafu ukishameza au kutema hesabu kimyakimya, ikikatika sekunde ya tatu ni ya kawaida, ikivuka kumi na bado unasikia limau na kachumvi kwa mbali basi hiyo ni waini nzuri.

Mvunaji
Naongezea hapo kwa mzee. Zabibu ikiivia kwenye joto sukari inapanda haraka na asidi inashuka, kwenye baridi inaiva taratibu asidi inabaki. Chablis iko kaskazini ya Burgundy, mkoa wa waini wa Ufaransa, baridi yake siyo ya mchezo, Aprili 2021 barafu iliunguza machipukizi watu wanakesha shambani wamewasha mishumaa kati ya mistari ya mizabibu. Kwa hiyo angalia na mwaka kwenye lebo, 2021 tegemea uchachu zaidi kuliko 2018 ambao ulikuwa na joto. Mi nilivuna msimu mmoja Hemel-en-Aarde kule Afrika Kusini, upepo unatoka baharini moja kwa moja, Februari asubuhi tuko na masweta, na Chardonnay yake ina ukali huohuo mzuri.

Siagi nayo isikudanganye. Kuna bakteria wanageuza asidi ya epo kuwa asidi ya maziwa, hapo ndo harufu ya siagi inapozaliwa, vanila ni pipa jipya la mwaloni. Chablis nyingi nazo zinapitia hao bakteria ila zinakaa kwenye matangi ya chuma, harufu haizidi tunda.

Kui_Nai
Mko sawa lakini msiitupe California yote, Sonoma Coast kuna ukungu wa bahari na Chardonnay zake ni kali pia. Na 1976 kule Paris kwenye shindano la kuonja, Chardonnay ya Chateau Montelena ya California ilishika namba moja kwa waini nyeupe mbele ya zile za Burgundy, majaji wakionja bila kuona lebo.

Binti_Unguja
Asanteni sana jamani. Leo mgeni kaacha Chablis robo chupa, meneja kaniruhusu, nikaiacha dakika kumi kama mzee alivyosema. Ile harufu ya mawe nimeisikia kweli!! Nikaonja na kipande cha pweza wa kuchoma, uchachu ukakata mafuta yote. Nimehesabu mpaka kumi na moja.