Aliimba dhidi ya urani, kisha akaisaini: Peter Garrett wa Midnight Oil alisaliti au alitumikia?

Mzee wa Kaseti (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua humu likitajwa roki la Australia kila mtu anakimbilia AC/DC, na waliokula chumvi kidogo wataongeza INXS. Mimi leo nimeleta kesi ya yule kipara mrefu anayecheza jukwaani kama mtu aliyepigwa shoti, Peter Garrett wa Midnight Oil. Nilimjua kwa kaseti ya marehemu kaka yangu, na tangu 2009 nina kinyongo naye. Nipeni nafasi nieleze, halafu mnirushie mawe.

Bendi ilianzia Sydney ikiitwa Farm. Garrett, mwanafunzi wa sheria, alijiunga baada ya kujibu tangazo la kutafuta mwimbaji. Mwaka 1976 wakajiita Midnight Oil, jina lililochomolewa kwenye kofia kama bahati nasibu. Hawakuwa watu wa nyimbo za "nakupenda mpenzi". Mwaka 1982 waliimba kupinga majeshi ya Marekani kwenye ardhi yao. Mwaka 1984 Garrett akagombea Seneti huko New South Wales kwa chama cha kupinga silaha za nyuklia, akapata zaidi ya asilimia 9 ya kura za kwanza. Alikosa kiti kwa sababu kule kuna kura za chaguo la pili na la tatu, na chama cha Labor kilizielekeza zile za wafuasi wake kwingine. Kumbukeni hilo jina, Labor.

Mwaka 1986 wakaenda jangwani na Warumpi Band, bendi ya kutoka Papunya, wakipiga kwenye vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ambako hakuna tiketi wala hoteli. Safari hiyo ndiyo iliyozaa Diesel and Dust ya 1987, yenye Beds Are Burning, wimbo unaodai Wapintupi, jamii mojawapo ya Waaborijini, warudishiwe ardhi yao. Mwaka 1990, baada ya meli ya Exxon kumwaga mafuta Alaska, walipanda lori wakapiga muziki mbele ya jengo la Exxon katikati ya New York. Mwaka 1998 walipiga kwenye kambi ya waandamanaji Jabiluka, ambako Wamirarr, Waaborijini wenye ardhi ile, walikuwa wanapinga mgodi wa urani, na mgodi ule haukuchimbwa. Halafu 2000, kufunga Olimpiki ya Sydney, wakatokea na nguo nyeusi zilizoandikwa "Sorry" kila mahali, mbele ya Waziri Mkuu John Howard aliyekuwa amegoma kuwaomba radhi Waaborijini walionyang'anywa watoto wao.

Sasa sikilizeni. Desemba 2002 Garrett anaiacha bendi. Mwaka 2004 anaingia bungeni kwa tiketi ya Labor, wale wale. Mwaka 2007 ni Waziri wa Mazingira. Julai 2009 anaidhinisha mgodi wa urani wa Four Mile, Australia Kusini. Na kuhusu kituo cha kijasusi cha Pine Gap, ambacho Wamarekani wanakiendesha pamoja na Waaustralia, alishasema hataki tena kifungwe.

Akiwa nje, bila cheo, alisaidia kuzuia mgodi. Akiwa ndani, na muhuri mkononi, akaufungulia mwingine. Mimi hiyo naiita usaliti. Anayepinga aje.

Kipepeo Mweusi

Mleta mada, umeleta shauri lakini mashahidi wa upande wa pili umewafungia nje.

Aprili 2007, kabla ya uchaguzi, mkutano mkuu wa Labor ulipiga kura kuondoa sera yao ya kutoongeza migodi ya urani. Garrett alisimama mle ukumbini kupinga mabadiliko hayo, akashindwa. Baada ya hapo sera ya chama ndiyo hiyo, na waziri katika mfumo ule hana serikali yake binafsi. Ama ufuate uamuzi wa wote, ama ujiuzulu. Ungemtaka ajiuzulu? Sawa. Ila Novemba 2009, miezi minne tu baada ya Four Mile, alikataa bwawa la Traveston kwenye Mto Mary, Queensland. Waliolitaka ni serikali ya jimbo ya Labor, wenzake wa chama! Mto ule una kobe na samaki wa kale wenye mapafu wasiopatikana hovyo duniani. Waziri mwingine angesaini akaenda kula chakula cha mchana.

Na mwaka 2010 Australia ilimfikisha Japani The Hague kwa uvuvi wa nyangumi, yeye akiwa waziri. Hukumu ikatoka 2014, Japani ikashindwa. Kwenye kaseti ya kaka yako hakuna wimbo uliofanya hivyo.

Ngoma Droo

Nilikuja kusoma habari za AC/DC. Naona tupo kwenye kobe. Endeleeni, nipo.

Shangazi wa Perth

Mimi naishi huku Australia mwaka wa kumi na tatu sasa, naomba niwaambie kitu. Mkimtaja Garrett kwa watu wa kawaida huku, urani haiji kwanza. Inakuja dari.

Mwaka 2009, wakati uchumi wa dunia umeyumba, serikali ya Kevin Rudd ilitoa fedha ili nyumba ziwekewe vizuia joto darini, na wizara ya Garrett ndiyo iliyopewa mradi. Kazi zikafumuka ghafla, kampuni zikaota kama uyoga, vijana wakapandishwa darini na mafunzo kiduchu. Zile karatasi za alumini zilipigiliwa kwa pini za chuma, pini zikagusa nyaya za umeme. Vijana wanne wakafa, watatu kwa shoti na mmoja kwa joto kali. Februari 2010 mradi ukasimamishwa, Garrett akapunguziwa madaraka, na Desemba 2013 ikaundwa tume ya kifalme kuchunguza.

Fikirieni sasa. Mtu huyu bendi yake iliimba Blue Sky Mine mwaka 1990, wimbo wa wachimbaji wa asbesto wa Wittenoom, jimbo hili hili ninaloishi, watu waliovuta vumbi mpaka mapafu yakaisha huku kampuni ikihesabu faida. Halafu vijana wanakufa kazini chini ya wizara yake. Mimi si mpenzi wa siasa, lakini hilo liliniuma kuliko urani yote mnayoitaja.

Kipepeo Mweusi

Shangazi, shikamoo. Hilo silipingi, ni zito. Lakini barua alizomwandikia Rudd mwaka 2009 akieleza wasiwasi wa usalama zilikuja kuwekwa hadharani. Mtu aliyeandika barua si sawa na mtu aliyelala.

Shangazi wa Perth

Marahaba mwanangu. Barua ameandika, ndiyo. Ila angekuwa Garrett wa 1990 angepanda lori akaenda kuzisoma kwa kipaza sauti nje ya ofisi ya Rudd. Ndipo tofauti ilipo.

Mzee wa Kaseti

Shangazi, hiyo ya lori umenimaliza. Ndicho nilichokuwa nahangaika kukisema kwenye aya tano.

Besi Nne

Naomba kutofautiana na wote wawili, maana mnazungumza kama vile Midnight Oil ni mtu mmoja. Mimi napiga besi kwenye bendi ya harusi, najua mwimbaji anavyokula sifa za wenzake.

Waandishi wakuu wa zile nyimbo ni Rob Hirst, mpiga ngoma, na Jim Moginie wa gitaa na kinanda. Beds Are Burning ina majina matatu: Hirst, Moginie, Garrett. Hirst na Moginie walikuwepo toka enzi za Farm, kabla kipara hajaonekana. Yale maneno mnayomshtaki nayo yametoka kwenye vichwa vya watu ambao hawakuwahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Alipokwenda bungeni alibeba mdomo uliokuwa wa bendi nzima. Kwa hiyo kama kuna aliyesalitiwa, wa kwanza kulalamika wangekuwa wao.

Walifanya nini? Garrett alipoachana na siasa 2013, walimpokea. Mwaka 2017 wakazunguka dunia pamoja. Mwaka 2020 wakatoa The Makarrata Project, wakiwa na wanamuziki wa Kiaborijini, na mapato wakaelekeza kwenye harakati za tamko la Uluru, lile la Waaborijini kudai sauti yao kwenye katiba. Novemba 2020, albamu ikiwa bado mpya, mpiga besi wao Bones Hillman akafariki kwa saratani. Wakatoa Resist 2022, wakafanya ziara ya mwisho, wakafunga kwao Sydney Oktoba 2022. Wenye mali hawajaripoti wizi, nyie majirani mnapiga yowe la nini?

Mzee wa Kaseti

Hoja nzuri Besi, ila mashabiki nao ni wenye mali. Walionunua zile rekodi walinunua na msimamo.

Besi Nne

Walinunua muziki mkuu. Msimamo walipewa nyongeza, kama maharage kwa mama ntilie.

Kijana wa Soweto Mbeya

Mbona mnakwenda mbali? Sisi Mbeya Mjini tulikuwa na rapa Sugu bungeni miaka kumi, 2010 hadi 2020. Alibaki upinzani muda wote, na 2018 alifungwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani dhidi ya rais. MwanaFA, rapa mwenzake, naye akaingia 2020 kupitia chama tawala, 2023 akawa Naibu Waziri. Sugu hakuwahi kuwa na muhuri, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkamata na saini mbaya. Je, huo ni usafi au ni kukosa nafasi tu? Nauliza kwa nia njema, kura yangu nilimpa yeye.

Ngoma Droo

Hapa ndipo mada ilipopaswa kuanzia.

Mwambao Kabisa

Kwani hao wanaotetewa mmewauliza? Wapintupi waliondolewa jangwani miaka ya 50 na 60, wengine kwa ajili ya majaribio ya makombora yaliyorushwa kutoka Woomera, wakarundikwa Papunya. Walianza kurudi kwao, Kintore, mwaka 1981. Hesabuni basi: miaka sita kabla ya wimbo. Walirudi kwa miguu yao na malori yao, hawakumsubiri mzungu ashike maikrofoni. Wimbo uliwafikishia habari watu wa Paris na New York, na hilo si dogo. Lakini tusigeuze safari ya wenyewe kuwa kazi ya bendi.

Mimi namtetea Garrett kwa jambo moja tu. Tarehe 13 Februari 2008 Rudd alisimama bungeni akaomba radhi rasmi kwa watoto walioporwa, na Garrett alikuwa waziri katika serikali ile. Lile neno lililokuwa kwenye nguo zao 2000 likawa kumbukumbu ya Bunge. Howard alikaa miaka kumi na moja madarakani bila kulitamka.

Na mnaodai nyimbo zingetosha, tazameni 2023. Walipiga kura ya maoni kuwapa Waaborijini chombo chao cha kulishauri Bunge. Midnight Oil walikuwa wameshaliimbia jambo hilo. Karibu asilimia 60 wakasema hapana. Nchi ile ile inayoimba Beds Are Burning kwenye baa kila Ijumaa.

Shangazi wa Perth

Hiyo sentensi ya mwisho ni kweli tupu. Nimewaona.

Mwana Namtumbo

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa niseme. Mimi natoka Namtumbo, Ruvuma. Urani kwangu si mada ya kaseti.

Mradi wa Mto Mkuju ulikuwa wa Mantra Resources, kampuni ya Perth, huko huko kwa Shangazi. Mwaka 2011 Warusi wakainunua. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ikakubali mpaka wa Selous usogezwe ili eneo la mgodi libaki nje ya hifadhi. Malawi nao, mgodi wa Kayelekera ulifunguliwa 2009 na Paladin, nayo ya Perth. Mwaka ule ule wa Four Mile.

Mnabishana kama Garrett alisaliti kwa kuruhusu mgodi mmoja nyumbani kwao. Nyumbani kwao kulikuwa na waziri, kulikuwa na masharti ya mazingira, na kulikuwa na bendi ya kupanda lori. Kampuni za kwao zikivuka bahari kuja huku, saini yake haikuhitajika. Sijui kama huo ni usaliti, na sioni kwa nini umhusu yeye zaidi ya mwingine. Ila kila mkiandika "Jabiluka haikuchimbwa", mimi najiuliza pesa iliyozuiwa kule ilikwenda kutafuta wapi.

Kipepeo Mweusi

Hapo sina jibu la haraka, mkuu.

Mzee wa Kaseti

Nami sina. Nirekebishe kidogo: kuhusu kesi ya dari neno "usaliti" nimelifuta, Shangazi ameiita kwa jina linalofaa zaidi hata kama hakulitaja. Kuhusu bwawa la Mto Mary, nilikuwa silijui, nimesoma, heshima kwake. Four Mile bado naidai. Angejiuzulu siku ile, angerudi Sydney akiwa mbunge wa kawaida, wapiga kura wake wa Kingsford Smith wangemchagua tena, kama walivyofanya 2010 hata baada ya kashfa.

Mwana Namtumbo, hiyo ya Mkuju ianzishie uzi wake. Nitakuja.

Mwana Namtumbo

Nitauanzisha. Ila nitumie kwanza ile kaseti ya kaka yako, kwetu huku nimesikia wimbo mmoja tu, ule wa vitanda.