Naomba ushauri: kipimo cha mapigo ya moyo cha kwenye simu

Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 63, presha anayo siku nyingi. Tangu mwaka jana moyo humwenda mbio ghafla, hasa usiku, kisha unatulia wenyewe. Tukifika hospitali, ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inatoka safi. Kaka yuko Marekani, katutumia KardiaMobile, kile kibapa kidogo: unaweka vidole vya mikono yote miwili sekunde 30, mchoro unatokea kwenye simu.

Juzi saa nane usiku kikaandika huenda ana AFib, yaani moyo kudunda bila mpangilio. Alfajiri kikasema kawaida. Mara nyingine kinashindwa kabisa kusoma, ila nikimfuta vidole kwa kitambaa chenye maji na kumwegemeza mikono mezani, mchoro unatulia.

Mliotumia, daktari aliikubali michoro hiyo, au alianza upya na Holter (kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo mfululizo) ya saa 24? Mliichapisha au mlimwonesha kwenye simu? Halafu mama sasa anajipima hata mara kumi kwa siku, na kila akijipima hofu inapanda (na mapigo nayo!). Nyie mliwawekea wazee wenu utaratibu gani? Kifua kikimbana hatusubiri kipimo, tunakimbia hospitali, hilo najua. Kliniki ni Jumanne.