Geji ya pampu inasoma 60, lakini tairi la nyuma linalala nikipakia kiroba. Nakosea wapi?

Mwl. wa Kilombero (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa mafundi na wale mnaobeba mizigo kwa baiskeli.

Niko Ifakara. Nina Phoenix ya ringi 28, tairi zake zimeandikwa 28 x 1 1/2. Siku za kazi naendea shuleni, kilomita 9, nusu yake kokoto tupu. Jumamosi napakia kiroba cha mpunga cha kilo 50 kwenye keria napeleka mashineni kukoboa. Mimi mwenyewe nina kilo 68.

Mwezi uliopita nilinunua pampu ya kusimama yenye geji, maana nilichoka kubonyeza kwa kidole gumba na kubahatisha. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 55 PSI. Nikajaza mpaka mshale ukafika 60, nikasema afadhali izidi kidogo. Lakini nikipakia kiroba tairi linalala, na nikigonga jiwe tu, pancha. Hii ni tyubu ya tatu ndani ya wiki tano. Kila nikiitoa nakuta matundu mawili madogo yamekaa sambamba. Mwiba sijaona hata mmoja, na tairi nimelipapasa lote kwa ndani.

Fundi wangu pale njiapanda anasema niongeze upepo. Jirani anasema nikiongeza litapasuka, kwa sababu baiskeli inashinda juani. Halafu kuna jambo linanitatiza zaidi: pigo la kwanza kabisa, tairi likiwa bado limelala, mshale unaruka hadi 40. Je, pampu ni mbovu?

FundiSpoku_Tabora

Pole Mwalimu. Matundu mawili sambamba si mwiba. Hapo tyubu imebanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi, kila ukingo ukaacha tundu lake. Maana yake upepo ni mdogo kuliko mzigo, kwa hiyo fundi wako amesema kweli.

Kabla sijaendelea: valvu yako ni ile nene kama ya pikipiki, au ile yenye nati juu, ukiifungua unachomoa kichuma chenye kampira?

Mwl. wa Kilombero

Ni ya kampira, fundi. Mbele na nyuma.

FundiSpoku_Tabora

Basi pampu yako nzima. Tatizo ni kwamba geji haioni ndani ya tyubu.

Chomoa kile kichuma ukitazame. Kina kitundu ubavuni, na kampira kamevishwa juu yake kama soksi. Ukipiga pampu, upepo unatoka kwenye kitundu, unakainua kampira kwa nguvu, unapita kuingia kwenye tyubu. Ukiacha kupiga, kampira kanarudi kubana na hakuna kinachorudi nyuma. Sasa geji imekaa upande wa pampu. Inapima upepo uliomo kwenye mpira wa pampu, na huo lazima uzidi wa ndani, la sivyo kampira kasingefunguka. Ndiyo maana mshale uliruka hadi 40 tairi likiwa tupu: kampira kapya kalikuwa kameng'ang'ania chuma, na wewe ulikuwa unapima ugumu wake.

Kwa hiyo ulipoona 60, ndani hapakuwa na 60. Ni pungufu kiasi gani, inategemea kampira kenyewe, upya wake na unene wake. Valvu ya pikipiki haina shida hiyo, kwa sababu kichwa cha pampu kinabonyeza pini yake, njia inakuwa wazi, geji na tyubu vinakuwa chumba kimoja.

Mama Pendo

Mwalimu, kagua pia kama valvu haivuji. Zungusha gurudumu valvu ije juu kabisa, hapo itakuwa imeelekea chini kwenye kitovu cha gurudumu. Chukua kikombe cha maji, kipitishe katikati ya spoku, izamishe valvu humo. Povu likitoka, badilisha kampira. Mimi nauza maandazi kwa baiskeli na kampira kanaliwa na joto kila baada ya miezi michache, kanakuwa kama kamba ya katani.

Binti wa Tanga, Utrecht

Shikamooni wakubwa zangu. Nimefurahi kuona mada hii, kwa sababu hapa Uholanzi ninapoishi baiskeli nyingi za mjini zina valvu ya umbo hilo hilo la kwenu. Tofauti ni kwamba ndani hawatumii tena kampira. Wanaweka kichuma chenye kizibo kidogo kinachopanda na kushuka, wanakiita Blitz. Kinaingia kwenye shina lile lile la valvu, unafungua nati, unabadilisha, basi. Kupiga pampu kunakuwa kwepesi sana na mshale hauruki ovyo. Unaposukuma taratibu, namba unayoiona inakaribia ya kweli, ingawa bado huwezi kuichomeka geji kwenye tairi lililokwisha kujazwa ukasoma. Nilipokwenda nyumbani mwaka juzi nilimletea baba vinne, na mpaka leo anavisifia. Sijui kama kwenye maduka ya vipuri huko vipo, lakini inafaa kuulizia.

Mzee wa Mkaa

Huyo jirani namjibu mimi. Upepo ndani ya tairi unapanda juani, hilo kweli, lakini si kwa kiasi cha kutisha. Tairi la 50 PSI ulilojaza asubuhi kukiwa na nyuzi 25, likifika nyuzi 45 saa nane mchana, linaongezeka kama 4 hivi. Tairi zima halipasuki kwa hizo. Linalopasuka lina ubavu uliochanika, au ukingo wake haukukaa sawasawa kwenye ringi, au tyubu ilibanwa chini ya ukingo siku ya kuvalisha. Nimeona watu wanapunguza upepo kila mchana kwa hofu ya jua, halafu jioni wanagonga shimo na kuharibu ringi.

Ninachokuombea ukiogope ni kompresa ya gereji. Tangi lake limejazwa kwa ajili ya magari, na tyubu yako ina nafasi ndogo mno, inajaa kabla hujasema moja. Kijana wa jirani yangu alipasukiwa mkononi. Ukilazimika, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, huku mkono mwingine uko juu ya tairi.

Msafiri wa Kigoma

Mwalimu una rula? Acha geji kwanza, pima tairi lenyewe.

Mwambie mtu ashike baiskeli wima bila mzigo, mahali pa saruji. Pima toka chini hadi ukingo wa ringi ya nyuma, pale pale tairi linapogusa ardhi. Halafu pakia, panda ukae kama unavyoendesha, pima tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tairi lilivyobonyea. Sisi wa safari ndefu tunataka libonyee kama asilimia 15 ya urefu wake. Tairi lako lina milimita 40 hivi, kwa hiyo 6 ni nzuri. Likibonyea 12 au zaidi, kila jiwe ni pancha.

Ila sikufichi: ukiwa na kiroba cha kilo 50 hutafika 6 bila kuvuka 55 iliyoandikwa ubavuni, na hiyo usiivuke. Mzigo wote wa keria unakaa nyuma, na mwili wako pia zaidi ya nusu uko nyuma. Chukulia kilo 95 kwenye gurudumu moja. PSI 50 ni kama kilo tatu na nusu kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tairi lazima lijitandaze kwenye sentimita 27 za mraba ndipo libebe. Piga hesabu, Mwalimu, wewe unaweza kuliko mimi.

BodaKisumu

Nimebeba abiria na baiskeli hapa Kisumu kabla sijahamia pikipiki. Nyuma nilikuwa najaza hadi mwisho wa ile namba ya tairi, mbele napunguza kidogo ndio mikono isiumie. Watu wengi hujaza zote sawa, na si vizuri. Pia, ndugu, pampu ya mkono ikianza kukosa nguvu, fungua uangalie ngozi ya ndani. Ikikauka, ipake mafuta kidogo ilainike.

Mwl. wa Kilombero

Nimerudi wakubwa. Nimefanya yote jana na leo.

Kikombe cha Mama Pendo kwanza: valvu ya mbele ilitoa povu, nimebadilisha kampira. Ya nyuma nzima.

Halafu rula. Nilijaza nyuma mpaka mshale ukasoma 60 kama kawaida yangu. Bila mzigo milimita 38, nikiwa juu na kiroba milimita 24. Imebonyea 14! Mke wangu ndiye aliyesoma rula, nikamwomba arudie mara mbili kwa sababu sikuamini.

Vichuma vya Blitz sikuvipata Ifakara. Lakini duka la vipuri pale sokoni wana tyubu ya 28 yenye valvu nene. Nilidhani tundu la ringi litakuwa dogo, kumbe imeingia bila kuchongwa. Nikajaza, na safari hii mshale ulianza sifuri ukapanda pole pole, pigo kwa pigo, mpaka 55. Nikapakia tena. Imebonyea 9.

Sasa nauliza: 9 inatosha, au nipunguze mzigo?

Msafiri wa Kigoma

Kwenye lami inatosha. Kwenye kokoto, gawa kiroba mara mbili, au shuka utembee pale penye mawe makubwa. Mimi ningegawa. Siku za shule bila mzigo, shusha nyuma hadi 45 na mbele 40, utaona mgongo unavyokushukuru.

FundiSpoku_Tabora

Tundu la ringi lako lilikuwa saizi hiyo toka kiwandani, shina la valvu ya kampira na la valvu nene unene wake chini unakaribiana. Watu hawajui, wanakwenda kuchonga bure. Badilisha na ya mbele ukipata nafasi. Na kila unapochomoa kichwa cha pampu, kichomoe kwa mkupuo mmoja. Ule upepo unaosikia "pss" mwingi wake ni wa pampu, usirudie kujaza kwa wasiwasi.

Mwl. wa Kilombero

Nimegawa. Leo asubuhi kilo 25 mashineni, jioni 25 nyingine, milimita 7 kila safari. Nimepita yale mawe ya karibu na daraja bila kushuka, mara nne, kwenda na kurudi. Upepo bado 54.